Kuvua wolai wa maji ya kati kwa sona mubashara, Ziwa Mille Lacs: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa Minnesota na majimbo ya jirani ambao wameanza kuvua kwa fimbo. Wengi wamekulia kando ya Victoria au Tanganyika, kwa hiyo uvuvi si mgeni kwao. Kigeni ni ziwa, samaki na chombo. Mifano mingi nimeitoa Mille Lacs, ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 536 katikati ya jimbo, kwa sababu hapo ndipo sona mubashara, yaani chombo cha mwangwi kinachoonyesha papo hapo samaki walio mbele ya boti, imebadilisha uvuvi wa wolai, na ndipo gharama ya kuitumia ovyo inapoonekana wazi.

Wolai ni samaki gani?

Kwa Kiingereza huitwa walleye. Jina lake la kisayansi ni Sander vitreus, na tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota. Ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, tumbo jeupe, meno makali, na doa jeupe kwenye ncha ya chini ya mkia. Macho yake makubwa yana tabaka ndani linalorudisha mwanga, ndiyo maana huona vizuri alfajiri, jioni, usiku, na hata mchana mawimbi yanapovuruga maji. Samaki wadogo anaowinda hawaoni hivyo, na hapo ndipo anapowazidi.

Wengi humwita sangara mdogo. Kwa sura wanakaribiana, ila ukoo ni tofauti: ndugu yake wa karibu ni zanda wa Ulaya.

Nimeambiwa wolai hukaa chini. Kwa nini nimtafute katikati ya maji?

Hukaa chini, kweli, hasa majira ya kuchipua. Kuanzia mwishoni mwa Juni hivi, wengi wao huacha miamba na kingo wakaenda ziwa wazi, wakaelea mita 4 hadi 6 chini ya uso wa maji ilhali sakafu iko mita 9 au 11. Wanafuata chakula. Wachanga wa pachi, samaki mdogo wa manjano mwenye milia, na talibi, samaki wa fedha anayependa maji baridi, huzunguka huko kwa makundi, na wolai hana sababu ya kubaki kwenye jiwe lisilo na kitu.

Maji nayo yamekuwa maangavu zaidi kuliko zamani. Kome milia, viumbe vamizi wanaochuja maji, waligunduliwa Mille Lacs mwaka 2005, na samaki mwenye macho kama yale hapendi kukaa kwenye kina kifupi chenye jua kali.

Kila ziwa lina sababu zake. Katika bonde la kati la Ziwa Erie, maji ya chini huishiwa oksijeni mwishoni mwa kiangazi, hivyo samaki husukumwa juu hata kama wangependa kubaki. Mille Lacs ni ziwa la kina kifupi, halifiki mita 13 popote, na upepo huyakoroga maji yake mara kwa mara. Hapa, kwa maoni yangu, jibu ni chakula kuliko oksijeni. Ukilijua hilo unatafuta makundi ya samaki wadogo kwanza, wolai baadaye.

Sona mubashara inatofautianaje na sona ya kawaida?

Sona ya kawaida hutazama chini ya boti na kuchora historia. Mstari wa mwisho kulia ndio sasa hivi. Mengine yote kwenye skrini yameshapita. Samaki aliye katikati ya maji akishaonekana hapo, boti imeshamkanyagia kichwani, na mara nyingi ameshakimbia.

Sona mubashara hutazama mbele. Transduza yake ina vipande vingi vidogo vinavyotoa na kupokea sauti, na kompyuta huuelekeza mwale kwa umeme bila kitu chochote kuzunguka. Sauti husafiri majini takriban mita 1,480 kwa sekunde. Mwangwi wa samaki aliye umbali wa mita 15 unarudi kwa sehemu mbili tu za mia za sekunde. Kwa hiyo picha inasonga jinsi samaki anavyosonga. Unamwona akigeuka, unaona chambo chako kikishuka, unaona wakikutana.

Garmin ndio waliotangulia na Panoptix LiveScope mwaka 2018, kisha wakafuata Lowrance na ActiveTarget na Humminbird na MEGA Live. Zote zinafanya kazi hii vizuri. Usikeshe ukibishana kuhusu chapa.

Kwa nini samaki anatoweka kwenye skrini ghafla?

Kwa sababu mwale ni mwembamba kuliko unavyodhani. Transduza ya LiveScope huona nyuzi 135 kutoka juu hadi chini, lakini nyuzi 20 tu kwa upana. Piga hesabu: ukiwa umbali wa mita 15, ukanda unaouona una upana wa mita 5 hivi. Ukiwa mita 6 tu mbele, upana wake ni mita 2. Samaki akipiga mkia mara mbili kuelekea pembeni ametoka kwenye picha, wala hajaondoka ziwani.

Hili ndilo jambo linalowasumbua wanaoanza kuliko jingine lolote. Skrini haikuonyeshi kushoto wala kulia. Samaki na chambo vinaweza kuonekana vimegusana ilhali vimeachana mita 2 kwa pembeni. Ukirusha chambo mara tatu juu ya samaki na hajishughulishi, kabla ya kubadilisha chambo, zungusha transduza kidogo upande huu na huu uone mwangwi wake unakolea wapi. Unapokolea ndipo alipo.

Inagharimu kiasi gani?

Transduza na kisanduku chake peke yake ni zaidi ya dola 1,000. Ongeza skrini, betri na nguzo. Ni fedha nyingi kwa mtu anayetuma karo nyumbani, na unaweza kuvua wolai wa kutosha bila chombo hiki. Ukiwa na rafiki mwenye nayo, ingia botini mwake msimu mmoja kabla hujanunua.

Betri usibane bajeti. Nunua ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 50 hadi 100, na iwe ya sona peke yake. Ukiiunganisha na betri ya mota ya umeme, picha itajaa chenga kila ukikanyaga pedali ya mota.

Transduza niifunge wapi?

Wapo wanaoifunga kwenye mota ya umeme ya mbele. Tatizo ni kwamba mota inapojizungusha yenyewe ili kushika nafasi kwa GPS, jicho lako nalo linazunguka, na samaki uliyekuwa unamtazama umempoteza. Mimi napendelea nguzo ya pekee yenye mkono wa kuzungushia, imefungwa pembeni ya mbele ya boti. Mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine kwenye fimbo. Wiki ya kwanza utajiona una mikono michache. Baadaye inakuwa kama kuendesha gari la gia.

Mipangilio ya kuanzia ni ipi?

Weka umbali wa mbele mita 24 na kina mita 12 kwa Mille Lacs. Ukiweka mita 45, samaki atakuwa nukta ndogo usiyoweza kusoma tabia yake. Unyeti anza kwenye asilimia 65 hivi, upandishe hadi maji yaanze kujaa vumbi, kisha urudishe nyuma kidogo: ukiweza kuona jigi (ndoana yenye kichwa kizito) ya gramu 7 umbali wa mita 12, umefika. Zima sona nyingine za boti yako unapovua. Boti ya jirani yenye chombo kama chako ikikuelekea utaona mistari ya mshazari. Dawa yake ni kusogea.

Mawimbi yakizidi nusu mita, pua ya boti hupanda na kushuka na picha nayo hivyo hivyo. Wolai wenyewe hula vizuri siku kama hiyo, ndiyo shida. Elekeza boti kwenye upepo, punguza umbali hadi mita 15, na ukubali kwamba utakosa wengi.

Nitajuaje kwamba ni wolai na si samaki mwingine?

Huwezi kuwa na uhakika asilimia mia, hata uwe mzoefu. Ila tabia inasema mengi. Talibi wanakwenda kwa makundi, wepesi, wanang'aa, hawatulii. Maski, yule mwindaji mkubwa, anaonekana kama gogo nene karibu na uso wa maji, mara nyingi peke yake, na chambo kikimpita hasogei au anakifuata bila haraka. Besi, mwindaji mwingine, yuko karibu na mwamba.

Wolai wa maji ya kati yuko peke yake au wawili watatu walioachana. Mwangwi wake ni mrefu kiasi na mwembamba. Anasogea polepole kwenye kina kilekile, na akiona kitu juu yake anainua kichwa. Kwenye skrini ule mstari wa mlalo unakuwa mshazari. Ukiuona mstari ukiinama hivyo kuelekea chambo chako, shika fimbo vizuri.

Ukubwa unadanganya zaidi. Mwangwi mwingi unatoka kwenye mfuko wa hewa wa samaki, na samaki aliyekupa ubavu anaonekana mkubwa kuliko yuleyule akikuelekea kwa pua.

Nikishamwona, nirushe vipi?

Kwanza tulia. Soma namba mbili: umbali na kina. Tuseme yuko mita 15 mbele, kina cha mita 5, na kwa kuzungusha nguzo umegundua anaelekea kulia kwako. Usimrushie kichwani. Rusha mita 3 hadi 4 kupita alipo, upande wa mbali na boti, na kidogo kuelekea anakokwenda, ili chambo kisianguke na kishindo juu yake.

Acha kishuke huku mshipi ukiwa umekaza kidogo. Utakiona kama nukta inayoteremka mwishoni mwa picha. Usipokiona, zungusha nguzo taratibu hadi nukta na samaki viwe pamoja kwenye mwale. Hapo ndipo mita 5 za upana zinapokuwa na maana. Chambo kikifika kina cha mita 4 na nusu, anza kukirudisha. Kipite nusu mita juu ya pua yake. Kamwe kisipite chini yake, kwa sababu macho ya wolai yamekaa kutazama mbele na juu, na kilicho chini ya taya lake hakimhusu.

Sasa tazama. Mkia wake unaanza kutikisika, mwili unainama, anapanda. Anakifuata mita moja, mbili. Hapa wengi wanakosea: wanasimamisha chambo ili kumpa nafasi. Samaki mdogo anayefukuzwa hasimami. Ongeza mwendo kidogo, kana kwamba kimeshtuka, na kipandishe. Wolai aliyekuwa anasitasita ataruka. Mkononi utasikia pigo moja fupi, au mshipi utalegea tu kwa sababu amekimeza huku akikujia. Kunja rili haraka, kisha inua fimbo.

Nitumie chambo gani?

Kifaa chepesi kinatosha. Fimbo ya futi 7 isiyo ngumu sana, mshipi wa kusuka wa ratili 10, na kipande cha mita moja na nusu cha fluorokaboni, uzi usioonekana kirahisi majini, mwishoni. Jigi ya gramu 7 hadi 10 yenye mwili wa plastiki laini wenye umbo la samaki, urefu wa sentimita 8 hadi 10. Siku tulivu tumia nyepesi. Siku ya upepo ongeza uzito, la sivyo mshipi utabeba upinde na utapoteza hisia.

Chambo kingine kinachofanya kazi ni kile cha chuma chenye mabawa kinachoteleza pembeni kikishuka, kama Jigging Rap ya Rapala. Hicho kinaamsha hasira zaidi kuliko njaa. Ukiwa na mtoto botini mwekee boya linaloteleza na ruba kwenye ndoana, pima mshipi uishie nusu mita juu ya samaki, na mwache atazame skrini mwenyewe. Watoto wanasoma picha ile haraka kutushinda.

Rangi? Nyeupe, au ya kufanana na pachi. Imetosha.

Wanakuja, wananusa, wanageuka. Nifanyeje?

Badilisha mwendo kabla ya chambo. Kisha kina: kipandishe zaidi, mita nzima juu yake. Kisha ukubwa. Samaki akikukataa mara tatu, muache. Kumfukuza kwa mota kutwa kutwa kunamfundisha kukwepa boti, na kuna wengine wanaosubiri mita 100 mbele.

Angalia pia boti yenyewe. Mota inayowaka na kuzimika kila sekunde chache, kifuniko cha sanduku kinachodondoka, nanga ya mnyororo: vyote hivyo utaviona kwenye skrini kwa jinsi samaki wanavyoshuka chini ghafla.

Nikivua wengi na kuwarudisha wote, kuna ubaya?

Kuna ubaya, na ningependa kila anayenunua chombo hiki alisome jibu hili mara mbili.

Samaki aliyerudishwa majini si lazima aishi. Hatari inapanda sana maji yanapokuwa ya moto, na wolai wa maji ya kati huvuliwa hasa Julai na Agosti, wakati huohuo wa joto. Kila mwaka jimbo na makabila manane ya Ojibwe hukubaliana kiasi cha wolai kinachoweza kutolewa Mille Lacs bila kuliumiza ziwa. Haki ya makabila hayo inatokana na mkataba wa 1837, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Katika sehemu ya jimbo hawahesabiwi waliopikwa tu. Wanaokadiriwa kufa baada ya kurudishwa nao wanahesabiwa. Mwaka 2015 kiasi hicho kilipofikiwa, uvuvi wa wolai ulifungwa mapema Agosti, na wenye hoteli, chambo na boti za kukodi wakaona msimu wao umekatika.

Kwa hiyo mtu anayejivunia samaki 40 kwa siku, wote akawarudisha, ametumia sehemu ya kiasi hicho ambacho ni cha wavuvi wote. Sona mubashara inafanya namba kama hiyo iwezekane. Mimi nikishapata wachache wazuri wakati maji yana joto, naweka fimbo chini.

Jambo la pili ni kina. Mfuko wa hewa wa wolai hauna mfereji wa kutolea hewa haraka. Akipandishwa kutoka zaidi ya futi 30, yaani mita 9, hewa hutanuka, macho hutokeza, na tumbo linaweza kutoka mdomoni. Wengi wa namna hiyo hufa hata wakiogelea wakitoka mkononi mwako. Kinachohesabika ni kina alichokuwa samaki, si cha sakafu: aliye kina cha mita 5, mahali ambapo sakafu iko mita 20, hana shida hii. Na sona inakupa namba hiyo kabla hujarusha. Ukiona wako mita 12 na huna nia au ruhusa ya kuwala, usirushe.

Mengine: ndoana isiyo na kimiba, wavu wa mpira, mikono iliyoloa, picha moja ya haraka au hakuna.

Je, si kuwaonea samaki?

Swali hili lina watu wazito pande zote mbili. Katika mashindano ya besi ya Bass Pro Tour, mwaka 2025 walipunguza muda wa kutumia sona ya mbele hadi kipindi kimoja kati ya vitatu vya siku. Maana yake hata wanaoishi kwa uvuvi huu wameona kuna kitu.

Msimamo wangu: chombo hiki kimenifundisha tabia ya wolai kuliko nilivyoweza kujifunza kwa njia nyingine, na simwambii mtu akiache. Lakini zamani samaki hawa wa ziwa wazi walikuwa na maficho. Mvuvi alilazimika kuburuta chambo maili kwa maili akibahatisha. Maficho hayo hayapo tena. Naunga mkono kupunguza idadi ya samaki wa kuchukua kuliko kupiga marufuku vifaa, na nitaikubali hata ikinigusa.

Sheria zinasemaje?

Minnesota inaruhusu sona mubashara. Leseni inahitajika kuanzia umri wa miaka 16. Maji yakiwa wazi, kila mtu ana mshipi mmoja. Kwenye barafu miwili. Idadi na urefu wa wolai wa Mille Lacs vina kanuni zake, na hubadilika hata katikati ya msimu, kwa hiyo angalia tovuti ya idara ya maliasili ya jimbo asubuhi unayoondoka. Mtoto wa chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kuokolea boti ikitembea. Ukitoka majini, chomoa kizibo na mwaga maji yote kabla ya kuingia barabarani, kwa sababu ya wale kome.

Inafanya kazi kwenye barafu?

Vizuri sana. Nguzo fupi kwenye tundu, unazungusha, unajua upande gani utoboe tundu linalofuata. Kutembea kwa miguu kunataka barafu mpya safi ya sentimita 10 angalau. Baridi hula betri, ifunike.

Anapikwaje?

Minofu myeupe, miiba michache. Hapa humkaanga na unga. Jaribu kumpaka ndimu, chumvi na kitunguu saumu, mkaange kidogo, kisha mchuzi mzito wa nazi. Chagua wa wastani. Wakubwa wana zebaki zaidi, na mama wajawazito na watoto wafuate ushauri wa afya wa jimbo.

Nyumbani, Victoria au Tanganyika, sona hii ingefaa?

Kwa utafiti, sauti inatumika Victoria tayari. Taasisi za KMFRI ya Kenya, TAFIRI ya Tanzania na NaFIRRI ya Uganda hufanya upimaji wa ziwa zima kwa vyombo vya mwangwi ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Vyombo hivyo hutazama chini, si mbele.

Tanganyika ndilo linalonivutia zaidi. Lina kina cha mita 1,470, na chini ya mita 100 hadi 200, kutegemea sehemu, hakuna oksijeni. Dagaa na mgebuka hawana sakafu ya kukalia, wanaishi sehemu kubwa ya maisha yao katika maji ya kati, na wavuvi wa Kigoma, Uvira na Bujumbura wamewajua hivyo vizazi na vizazi: taa usiku, dagaa wanapanda, mgebuka anawafuata. Sona mubashara ingewaonyesha kina ambacho mgebuka wanasimama pembeni ya mwanga, na hivyo mshipi uishie wapi. Kwa gharama ya sasa si chombo cha mvuvi wa kipato cha kila siku. Chama cha wavuvi au kituo cha utafiti kikinunua kimoja na kukaa nacho msimu mzima ziwani, ningependa sana kuona picha zake.